Mwaka Mashine Iliposema Kumi na Moja

Tulimzika Mama Karimi huko Kibirichia juma lililopita, mchana, na baridi ile ya kwao inayoingia mpaka kwenye meno. Baada ya maombi tulipewa chai na viazi vya kuchemsha kwenye sahani za plastiki, na msichana mmoja aliyekuwa akigawa chumvi akaniuliza kwa adabu, akiniita bibi kwa lugha ya kwetu, "Cucu, wewe ulikuwa nani wake?" Sikuwa ndugu yake. Mimi ni mtu wa Kanja, upande wa Embu, na yeye alikuwa Mmeru wa damu. Kabla sijapata jibu, Gakii, rafiki yake wa tangu zamani, akajibu kwa mdomo uliojaa kiazi, "Huyu? Huyu ndiye aliyepima mashine kwa kwapa." Wanawake wote wa kikundi chake cha viazi wakacheka, matangani hivyo hivyo, na wengine machozi ya kilio yakachanganyika na ya kicheko. Msichana wa chumvi alitutazama kama tumerukwa na akili. Basi namwandikia yeye, na wajukuu zangu, na yeyote anayedhani mtu huacha kujifunza akiota mvi. Watu wengine mwaka uliowajenga ni wa ujana. Wangu ulinikuta nina miaka sitini na minane, jicho moja limefunga na la pili linafuata.

Mwaka huo nilikuwa nikikaa Majimbo, mjini Embu, kwa mjukuu wangu Wanja. Amebeba jina langu, kama desturi yetu ilivyo, kwa hiyo akisifiwa nimesifiwa na akitukanwa nimetukanwa. Alikuwa amesomea mambo ya kompyuta, na nyumba yake ya vyumba viwili ilikuwa kama tumbo la redio: waya juu ya meza, waya chini ya meza, kompyuta kuukuu zimevuliwa nguo zimepangwa ukutani. Chumba cha mbele alifanyia kazi, cha nyuma tulilala, na jiko lilikuwa kwenye kibaraza tulichogawana na Mama Zuhura, mke wa mchinjaji, mwenye plot, yaani mwenye nyumba. Mama Zuhura hakujua kupika chakula kidogo. Ijumaa alituletea pilau kwenye sufuria iliyofunikwa kwa leso, na mimi nikamrudishia sufuria na nduma za Kanja ndani, kwa sababu sufuria ya jirani hairudi tupu. Alikaa hapo kwenye stuli, akimwangalia Wanja akichomelea vipande vidogo, na kusema, "Mjukuu wako huyu, mama, anaongea na vyuma kuliko anavyoongea na wanaume." Wanja alijibu bila kuinua kichwa, "Vyuma havidanganyi, Mama Zuhura." Maneno hayo nilikuja kuyafikiria sana.

Kilichonipeleka Majimbo ni jicho. Kule Kanja nilikuwa nimeanza kujikwaa kwenye njia niliyoijua tangu nikiwa binti, na siku moja nikamwagia mbuzi chai nikidhani ni ndoo ya maji machafu. Wanja akanichukua, akanipeleka kliniki ya macho. Sasa nitasema ukweli, maana nimeshausema mbele ya watu wazima na haukuniua. Ukutani walikuwa wametundika karatasi yenye alama moja, kama uma wenye meno matatu, inayoangalia huku na kule, kubwa juu na ndogo chini. Kwa sisi tulioacha shule darasa la pili hiyo ndiyo karatasi yetu: unaonyesha tu meno yameelekea wapi. Mimi niliona ukuta mweupe, basi. Lakini mzee aliyekuwa mbele yangu alikuwa na sauti ya kanisani, na alisema kwa nguvu, "Juu. Kushoto. Kushoto. Chini. Kulia. Juu." Nikashika. Mtu asiyeandika hushika kwa kichwa. Zamu yangu ilipofika nikasema vile vile, nikakosea moja makusudi ili nisionekane mjanja, na yule daktari kijana akaandika kwamba jicho halijaharibika sana, nipewe matone, nirudi mwakani. Nilitoka nikitembea kama bibi harusi. Niliogopa kisu, na zaidi ya kisu niliogopa kusema sioni. Maisha yangu yote, mtu wa ofisi akiniuliza, "Umeelewa, mama?" nimesema ndiyo. Ndiyo haina aibu. Hapana huletewa maswali mengine.

Kazi kubwa ya kwanza ya Wanja aliipata mwaka huo huo, na ilitoka mbali, Kibirichia, upande wa pili wa mlima. Wanawake wa huko walikuwa na kikundi cha mbegu za viazi. Kila mmoja alileta mbegu zake baada ya kuvuna, wakaziweka pamoja kwenye stoo ya mawe yenye paa la mabati, ndani ya kreti za mbao, mpaka mvua. Mbegu ikipata joto inaamka kabla ya wakati, inatoa mikia mirefu myeupe, inachoka, inaoza. Ikipata ubaridi na hewa inalala vizuri kama mtoto mgongoni. Zamani walitumia mkono: kila asubuhi mwenye zamu aliingiza mkono katikati ya kreti, akisikia joto anafungua madirisha. Mama Karimi, mwenyekiti wao, alisema mikono imechoka na mwenye zamu wakati mwingine hulala. Wakamwita Wanja. Akawawekea kompyuta ndogo, si kubwa kuliko sanduku la viatu, inayotumia huo mfumo wao wanaouita Linux, na kutoka kwake waya mrefu ulioingia kwenye kreti, na mwisho wa waya kibao chembamba chenye chipu ndogo kama punje ya njahi, yale maharagwe yetu meusi. Hiyo punje ndiyo iliyosikia joto. Kompyuta ikisoma nyuzi kumi na nne za joto kwenda juu, inawasha feni mbili kubwa zinazovuta baridi ya nje. Wanawake walipenda. Walikuja kuangalia namba kwenye kioo kama watu wanaoangalia taarifa ya habari.

Na ilifanya kazi. Naliweka hilo wazi ili mtu asiseme mtoto hakujua kazi. Ilifanya kazi mpaka siku walipoosha stoo. Hao ni wanawake wa Kimeru, usafi kwao ni dini ya pili, na mbegu mpya haiwekwi kwenye uchafu wa mbegu ya zamani. Wakatoa kreti nje, wakamwaga ndoo juu ya ndoo, wakasugua kuta kwa mafagio, na kile kibao kikaoga pamoja na kuta. Kikafa. Wanja akapanda huko na kibao kingine alichonunua kwenye kibanda cha vipuri hapo mjini Embu. Rangi ile ile, ukubwa ule ule, miguu ile ile minne. Akakichomeka, akafunga, akarudi nyumbani siku hiyo hiyo akiwa na gunia dogo la viazi vya zawadi. Tulipokuwa tukivimenya, nilimuuliza kompyuta inajuaje ni nani amefungwa mwisho wa waya. Akaniambia kuna programu inayopita kwenye waya ikibisha hodi mlango kwa mlango. Chipu zingine zina jina lao ndani, zikiulizwa zinajitaja. Zingine hazina jina. Hizo, programu inaziuliza maswali mawili matatu, inaangalia zinajibuje, halafu inasema, huyu huenda ni fulani. "Na leo imesema?" nikauliza. "Imesema huenda ni yule yule wa zamani. Ikaniuliza niandike hivyo? Nikabonyeza ndiyo." Nilikata kiazi changu vipande vinne, nikatupa kwenye sufuria. Sikuona ubaya wowote kwenye ndiyo.

Wiki chache zilipita. Asubuhi moja tukiwa tunakunywa chai, simu ya Wanja ikalia, na hata mimi nilisikia sauti ya Mama Karimi kutoka upande wangu wa meza, maana huyo mama aliongea na simu kana kwamba anaita mtu ng'ambo ya bonde. "Wewe msichana! Mashine yako inasema kumi na moja. Kila siku kumi na moja, kumi, kumi na moja. Lakini viazi vinatoa jasho!" Wanja akasema labda ni umande. "Umande una mikia?" akauliza Mama Karimi. "Vina mikia mirefu kama ya panya! Njoo." Simu ikakatwa. Wanja alikuwa na kipande cha mkate mkononi, na nilimwona, kwa lile jicho langu la ukungu, akikirudisha kwenye sahani bila kukiuma. Nikafunga leso yangu. "Unaenda wapi, Cucu?" "Jina langu liko kwenye hiyo stoo," nikamwambia. "Siwezi kuliacha litukanwe nikiwa nimekaa Majimbo."

Tulifika saa nane mchana. Nakumbuka ile stoo kwa pua zaidi ya macho: udongo mbichi, mbao, na chini yake harufu tamu nzito, kama ya pombe iliyosahauliwa. Wanawake wapatao kumi walikuwa wamesimama ndani na makoti yao, mikono kwapani kwa baridi ya nje, na hakuna aliyetupa mkono vizuri. Mvua ilikuwa imebakiza wiki mbili tatu. Mbegu hizo zikifa, hakuna wa kupanda, na kule viazi ndivyo chakula, ndivyo karo, ndivyo heshima ya mtu. Wanja akaenda moja kwa moja kwa mashine yake. Akabonyeza, akasoma, akabadilisha waya, akazima, akawasha. Kumi na moja. Akazilazimisha feni kwa mkono, zikanguruma vizuri, kwa hiyo si feni. Akazirudisha, zikanyamaza. Kumi na moja. Akasimama hapo akikuna shingo, kisha akasema lile neno ambalo mpaka leo akilikumbuka anajifunika uso. Akasema, "Labda mnaacha mlango wazi mchana, joto linaingia."

Gakii akadakia, "Ati tunaacha mlango. Sisi. Tuliozaliwa ndani ya viazi." Mwingine akasema, "Si Gakii alisema mwezi uliopita kreti zina joto?" na mwingine akamjibu, "Alisema, na sisi tukamwambia hilo ni joto la umri wake." Wachache wakacheka kidogo, kicheko cha aibu, kwa sababu ilikuwa kweli: Gakii alikuwa ameingiza mkono kwa mazoea ya zamani, akasikia joto, wakamwonyesha namba kwenye kioo na kumtania kwamba anayechemka ni yeye. Naye akaamini mashine, akaacha kuamini mkono wake. Mama Karimi hakucheka. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye kofia ya sufu iliyovutwa mpaka kwenye nyusi. Akasema polepole, "Mtoto, sisi tuliweka mikono yetu mfukoni kwa sababu ulituambia tuiweke."

Mimi nikaenda kwenye kreti. Sikuhitaji jicho. Niliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, na kule katikati kulikuwa na joto lile unalolikuta chini ya kuku aliyelalia mayai. Nikasema, "Wanja, hapa kunaatamiwa." Akasema, "Cucu, kipimo kiko kwenye kreti hiyo hiyo, na kinasema kumi na moja." Nikamwambia kipimo ni mwongo. Akaanza kunieleza kwa ule upole wa mtu aliyesoma, upole unaouma kuliko tusi, "Cucu, mashine haikubahatisha tu. Iliiuliza ile chipu maswali, na chipu ikajibu sawa sawa."

Hapo ndipo nilipojisikia uso ukiwaka. Sijui kilichonisukuma. Labda ni wale wanawake kumi, labda ni lile joto kwenye mkono wangu. Nikasema, "Hata mimi niliulizwa, nikajibu sawa sawa." Wanja akageuka. Nikasema yote, mbele ya watu nisiowajua, kwa Kiswahili changu hiki cha sokoni: ile karatasi ya uma, yule mzee wa sauti ya kanisani, juu, kushoto, kushoto, chini. "Daktari aliandika jicho langu ni la kuona, kwa sababu alisikia majibu ya mtu mwingine yakitoka kwenye kinywa changu. Mimi hapa ninavyokuangalia, mtoto wangu, wewe ni kivuli chenye sweta. Maswali yake yalikuwa ya kweli. Majibu yangu yalikuwa ya kweli pia, ila si yangu. Hiyo punje yako huenda ni mtu kama mimi."

Niliposema hivyo nilitegemea wacheke. Hakuna aliyecheka. Wanja alinijia, akasimama karibu sana, akainua mkono mbele ya uso wangu. "Vidole vingapi?" Nikamwambia, "Ni mkono huo? Mimi nilidhani umeshika mwiko." Akanishika bega. "Miezi yote hii, Cucu? Na unanikatia nyanya?" "Nyanya nazijua kwa kidole," nikasema. "Achana na nyanya. Lete hicho kibao."

Kule Kanja, mtoto akiwa na homa, nilikuwa namjua kwa kwapa kabla ya zahanati kumjua. Mwili wa mtu mzima joto lake linajulikana dunia nzima, halihitaji kitabu. Basi nikafungua vifungo viwili vya sweta, nikachukua ile punje ya njahi na waya wake, nikaitia kwapani, nikabana mkono. Ilikuwa baridi kama ulimi wa mjusi. Nikawaambia wasubiri. Wakasubiri, wanawake kumi wakiangalia kwapa la mtu wa Embu. Wanja akazizuia feni, akasimama kwenye kioo akisoma kwa sauti. "Kumi na mbili. Kumi na nne. Kumi na sita. Kumi na saba. Kumi na saba na nusu." Ikasimama hapo. "Kumi na saba na nusu," akarudia. Gakii akapiga makofi mara moja. "Basi Cucu amekufa! Tuite mchungaji." Sasa wakacheka, kicheko cha kweli, na mmoja akasema, "Wafu wa Embu wana mdomo." Mama Karimi alikuwa amenyoosha mkono. "Nipe." Akaitia kwake chini ya makoti mawili, akafumba macho kama mtu anayesali. Kumi na saba na nusu. Kisha kumi na nane. "Tumekufa wawili," akasema bila kufungua macho.

Wanja hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kreti tupu akinong'ona namba. Nilimsikia, "Thelathini na tano… thelathini na sita…" kisha akapiga paja. "Nusu! Inasema nusu. Cucu, inasema nusu ya kila kitu!" Akasimama. Akatueleza haraka haraka, na nilielewa, kwa hiyo wewe pia utaelewa: chipu ile haikuwa ya aina ile ya kwanza. Ilikuwa ya ukoo wa karibu, inayojibu maswali ya hodi vile vile, lakini namba zake huziandika kwa mpangilio wake. Kompyuta ilizisoma kwa mpangilio wa ile iliyokufa, ikapata nusu. Kama ingesema mia moja, au sifuri, mtu angeshtuka. Lakini ilisema kumi na moja, na Kibirichia yenyewe kuna baridi ya kumi na moja, nani angebisha? Uongo wenye umbo la ukweli ndio unaolala nyumbani kwako. Viazi vilikuwa na ishirini na mbili.

Akachukua simu yake, akapiga picha mgongo wa ile punje, akaikuza mpaka vile vijiandiko vyake vidogo vikaonekana. Havikuwa vya jina lile alilobonyezea ndiyo. Nilimuuliza kwa nini hakuvisoma siku ya kwanza. Akasema, "Kwa sababu programu ilishajibu." Sikumsema. Mimi ndiye ningemsema? Akakaa na kompyuta yake magotini, akaiambia Linux kwa maandishi isibahatishe tena, mlango ule anakaa fulani, jina lake hili. Akarudisha kibao katikati ya kreti, akaziachia feni. Tukasogea kwenye kioo tukingoja. Kioo kikaruka, kumi na moja haikurudi, ishirini na mbili ikakaa, na zile feni mbili zikanguruma kwa pamoja hata kuku wa nje wakakimbia. Upepo wa baridi ukapita kwenye kreti na ile harufu tamu ikatusukuma usoni. Wanawake wakarudi nyuma. Mama Karimi peke yake hakusogea. Akasema, "Sawa. Yenyewe imeamka. Na viazi je?"

Hilo swali halikuwa na jibu kwenye kompyuta. Mbegu iliyopashwa joto wiki kadhaa inaweza kuonekana nzima nje na imekufa moyo. Utajua ikishakaa ardhini. Wanja alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "Mama, kosa ni langu. Si la mlango." Mimi niliukaza moyo wangu, kwa sababu nilijua tunafukuzwa. Mama Karimi akasema, "Kosa la mbegu haliombewi msamaha kwa mdomo. Huwa linachambuliwa. Mtalala kwangu, wewe na jina lako."

Tulichambua siku tatu. Kila kiazi kutoka kila kreti kilipita mikononi: kilichooza upande huu, cha wasiwasi upande ule, kizima kirudi. Mimi nilichambua kwa kidole gumba na pua, na siku ya pili Gakii akaanza kuniletea vile vya wasiwasi, "Cucu, hiki?" nikanusa, "Kufa," au, "Hai." Wanja alikaa chini kwenye ule uozo wenyewe, suruali yake ya mjini imelowa maji meusi, hakulalamika. Mchana tulikula mukimo, yaani viazi vilivyopondwa pamoja na majani ya malenge, kijani kama nyasi za mvua, na chai nzito ya maziwa kwenye vikombe vya bati vinavyounguza midomo. Siku ya tatu nikiwa nimekaa nje ya jiko nikiota jua, niliwasikia Gakii na Mama Karimi ndani wakizungumza Kimeru. Walisahau kwamba Kimeru na Kiembu ni watoto wa mama mmoja. Gakii alisema wangetafuta fundi mwingine, mwanamume, wa Meru mjini. Kijiko kiligonga sufuria. Mama Karimi akasema, "Huyo atakuja na gari, atakosea vile vile, kisha atuambie ni mlango. Huyu ameshasema ni yeye. Nitaenda wapi kutafuta mwingine aliyeshasema?" Gakii akacheka, akasema, "Na yule nyanya yake kipofu?" "Huyo," akasema Mama Karimi, "ni yeye amefundisha mtoto." Nilikaa hapo na jua usoni. Sikuwa nimemfundisha mtu kitu. Nilikuwa nimeshindwa kunyamaza tu. Lakini nililipokea hilo neno, nikalifunga kwenye leso ya moyo, na ninalo mpaka leo nikimshukuru aliyelisema akidhani sisikii.

Tuliporudi Embu, Wanja hakunipeleka Majimbo kwanza. Alinipeleka kliniki, na mimi nikakaa mbele ya yule daktari kijana, nikamwambia, "Mwanangu, mwaka huu nilikudanganya. Sioni hata ukuta unapoishia." Alinitazama, akatazama karatasi zake, akacheka mpaka akavua miwani. Jicho la kwanza lilipasuliwa mwezi huo. Kisu nilichokiogopa hata sikukisikia. Bandeji ilipotolewa, kitu cha kwanza nilichokiona vizuri ni uso wa Wanja, na nikagundua ana kovu dogo kidevuni ambalo nilikuwa nimelisahau. Tangu hapo, kila chipu ya joto anayoifunga mahali popote huipitisha kwapani kabla ya kuiamini. Wenzake wa kompyuta humcheka. Yeye huwaambia ndicho kipimo pekee alichorithi. Na huisoma mgongo, hata kama mashine imeshaitaja jina. Mama Zuhura alipoisikia hadithi alisema vyuma basi hudanganya kama wanaume, na Wanja akakubali, akasema tofauti ni kwamba chuma ukikiuliza vizuri hukiri.

Lakini tulikuwa bado hatujui. Hilo ndilo nililotaka uelewe, wewe msichana wa chumvi. Mvua ilinyesha, wanawake wa Kibirichia wakapanda mbegu zile tulizozirudisha, na ardhi ikazifunika, na hakuna namba ya kioo iliyoweza kutuambia kinachotokea chini. Wiki ya kwanza Wanja alikula vizuri. Wiki ya pili aliacha kuniuliza kuhusu jicho. Wiki ya tatu alikuwa akishika simu, anaiweka, anaishika. Nilimwambia ampigie Mama Karimi. Akasema, "Nikipiga nitasikia." Mimi nilijua huko kuogopa. Nilikuwa nimekaa nako mwaka mzima.

Simu ikaja yenyewe, asubuhi, nikiwa naosha vikombe kibarazani na Wanja yuko mezani na pasi yake ya kuchomelea waya. Aliiweka sauti ya juu, ingawa kwa Mama Karimi haikuhitajika. Hakusalimia. "Nimetembea shamba la kila mtu," akasema, na alikuwa anahema, nadhani bado alikuwa shambani. "Mistari yote. La Gakii lina mapengo upande wa chini, lakini la Gakii lina mapengo kila mwaka, analima kwa mdomo. Langu limejaa." Upepo ulipita kwenye simu. "Wewe msichana, unanisikia? Mkija kuchimba mje na magunia yenu." Akakata, kama kawaida yake.

Wanja alikiweka chini kile chuma chake cha moto, polepole, kwenye kigae chake. Akanifuata kibarazani. "Cucu," akasema, "zimeota." Kana kwamba sikuwa nimesikia kila neno. Nilikuwa na kikombe mkononi kinachotiririka maji, na uso wake niliuona wote. Nikamwambia sikusikia vizuri, aseme tena.